Sekunde Mbili Kasoro

1

Kazi yangu ni kuhamisha viendeshi, na nimeshachoka kueleza watu kwamba sina gari wala leseni ya udereva. Kiendeshi ni programu ndogo inayokaa kati ya kifaa na kiini cha mfumo, ile programu kuu inayotawala vifaa vyote, kama mkalimani kati ya watu wawili wasiojua lugha moja. Kiini kikibadilishwa, mkalimani yule anabaki akiongea lugha ya bosi aliyestaafu. Kifaa kinaweza kuwa kizima kama siku kilipotoka kiwandani, lakini hakuna anayekielewa tena, kwa hiyo hakifanyi kazi. Hapo ndipo ninapoitwa mimi, Atuganile Mwasomola, nikae mezani na msimbo, maandishi ya programu yaliyoachwa na watu waliostaafu au waliokufa, niutafsiri mstari kwa mstari.

Mwezi ule kifaa kilikuwa koo la bati. Kwenye makaratasi ya Ofisi ya Vifaa vya Mwilini jina lake ni kisemeshi cha modeli ya pili, ila Tukuyu nzima hakuna anayeliita hivyo. Walipewa kifaa hicho watu ambao homa ya koo iliwaacha hai ikaondoka na sauti zao, miaka thelathini na miwili iliyopita. Ni kidude cha ukubwa wa kiberiti kilichoshonewa chini ya ngozi, juu kidogo ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani. Husoma misuli ya shingo na taya pale mtu anapojaribu kusema, kisha husema kwa niaba yake, na kikiwa na neno huwaka taa ndogo ya kijani inayoonekana kupitia ngozi. Watu mia saba na kumi na wawili walikuwa bado wanavitumia. Tarehe thelathini Juni Kiini cha Nne kingezimwa nchi nzima na Kiini cha Saba kushika nafasi yake. Kama kiendeshi changu hakingekuwa tayari, watu wale wangeamka tarehe mosi bila sauti, na zilikuwa zimebaki siku kumi na tano.

Sisi wahamishaji tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: hamisha kilichopo. Usisafishe. Mstari usiouelewa una sababu usiyoijua. Mimi nilijifunza sheria hii kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuta kiendeshi cha miguu ya bandia kinasoma kipimo kilekile mara mbili, na jibu la kwanza kinalitupa. Nikaona ni uzembe wa mtu, nikaufuta usomaji wa kwanza. Kumbe goti lile, likitoka kupumzika, hutoa kwanza namba ya jana. Watu kumi na mmoja walianguka kwenye ngazi asubuhi moja. Hakuna aliyekufa, lakini tangu siku ile sifuti kitu kwa sababu tu kinanikera macho.

Msimbo wa koo ulikuwa wa mtu mmoja, Mhandisi Kibona, na alikuwa ameuandika vizuri hata nikamwonea wivu. Nilimaliza kuuhamisha kwa siku tatu. Siku ya nne nikaujaribu kwenye koo la akiba lililokuwa mezani kwangu, nikililisha ishara za misuli zilizorekodiwa zamani. Sauti ya mwanamke ikaomba chumvi. Sauti ya mwanamume ikahesabu hadi ishirini. Kisha nikalilisha rekodi iliyoandikwa "ugomvi", na kiini kipya kikaandika kwenye kioo: Kiendeshi kimeshikilia neno. Kimeondolewa.

Kiini cha Saba hakina subira. Kinakipa kiendeshi chochote sehemu ya tano ya sekunde kumaliza shughuli yake, kikizidisha kinakiua. Kiini cha Nne kilikuwa kama mjomba mpole, kilisubiri tu mpaka mambo yaishe. Ndiyo maana kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejua kwamba katikati ya msimbo palikuwa na kisimamisho cha sekunde moja nukta nane. Kando yake Mhandisi alikuwa ameandika: Usiguse. Mambo ya betri.

Hayakuwa mambo ya betri. Nilikaa na mistari ile arobaini kutwa nzima, mvua ya Tukuyu ikipiga paa kama inavyojua, na jioni nikawa nimeielewa. Kiendeshi kilikuwa kinasoma mapigo ya moyo. Mapigo yakipanda ghafla kupita kawaida kwa theluthi moja, neno lilishikwa kwa sekunde mbili kasoro. Ndani ya muda huo, mwenye koo akimeza mate tu, neno lilifutwa. Asipomeza, lilitoka.

Nilisukuma kiti nyuma nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika. Kila mtu mjini anajua kwamba koo la bati "huganda" mwenyewe akiudhika. Kikaratasi cha hospitali kinasema kifaa hupata joto. Na kwa kuwa huganda, tumezoea kulisubiri. Mtu mwenye koo akitukanwa, watu wote chumbani hunyamaza na kumpa nafasi, hata aliyemtukana. Siku hizi hata wenye makoo ya nyama wakigombana, utasikia mtu kando akisema, "Subiri koo kwanza." Wageni wanatushangaa, wanasema watu wa huku ni wastaarabu. Ustaarabu wenyewe nilikuwa nimeukuta pale mezani, mistari arobaini, umeandikwa kwa hila na mtu ambaye hakumwuliza yeyote.

2

Sheria ya majaribio inataka kiendeshi kipya kivaliwe na mtu mmoja kwa muda wa saa moja ya maisha yake ya kawaida, mhamishaji akiwa karibu. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa koo namba nne, Bibi Subilaga Mwakalobo, mwenyekiti wa baraza la kata. Kama kuna mtu mkoa huu anayesifiwa kwa uvumilivu, ni yeye. Watu hutoka kata nyingine kuleta kesi za mipaka na za ndoa, kwa sababu huyu mama hukutazama, hufumba macho kidogo, halafu akisema, amesema.

Alifika Alhamisi asubuhi na kikapu cha maparachichi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Au hii mitambo ndiyo inakula chakula chako?"

Alikaa, akanyoosha shingo, nami nikaunganisha waya. Sasa nitasema kosa langu bila kulipamba. Nilikuwa na kiendeshi cha aina mbili. Kimoja kilikuwa na mistari ile arobaini, na kiini kilikiua. Kwenye kingine sikuwa nimeiweka mistari hiyo, na kilikwenda vizuri. Nikampa hicho cha pili. Kibali alikuwa ameweka saini, ni kweli, lakini alitia saini kujaribu kiendeshi kipya, hakutia saini kuondolewa kitu asichojua kuwa anacho. Nilijiambia nitamweleza baadaye. Nilijiambia kwamba kumwambia mama wa watu kwamba uvumilivu wake ni msimbo, saa moja kabla ya baraza, ni ukatili. Na ukweli mwingine ni kwamba nilitaka kuona itakuwaje.

Alijaribu kusema jina lake, kisha majina ya wajukuu wake sita, akatabasamu.

"Limekuwa jepesi," akasema. "Ni kama nimevua buti za mvua."

Tulikwenda pamoja kwenye ukumbi wa kata. Kesi ya siku ile ilikuwa ya Bwana Mwangoka na shemeji yake mjane, wakigombea njia ya kwenda kwenye chemchemi. Bwana Mwangoka ni mtu wa miaka sitini, fundi seremala, mwenye mikono mikubwa na hasira za karibu. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Kwa nusu saa mambo yalikwenda sawa. Bibi Subilaga aliuliza maswali yake, mjane akajibu, wajumbe wakaandika. Kisha Bibi akasema njia ile ni ya wote, na Bwana Mwangoka akasimama.

"Miaka ishirini tunaamuliwa na kopo linaloongea," akasema. "Mtu hata koo hana, ndiye anatufundisha la kusema."

Ukumbi ukanyamaza. Kilikuwa kile kile kimya chetu cha kusubiri koo, watu wameinamisha vichwa, na Bwana Mwangoka mwenyewe amefunga mdomo akingoja, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sauti ya Bibi ikaja hapo hapo, ikasikika mpaka kwa waliokaa nje barazani.

"Mkeo alikuwa akija kwangu kulia. Alisema usiku anaolala vizuri ni ule ambao wewe umesafiri."

Hakuna aliyeinua kichwa. Bibi Subilaga aliweka mkono shingoni, akabonyeza pale penye taa kama mtu anayetaka kuzuia damu. Bwana Mwangoka alisimama vile vile kwa muda, kisha akatoka taratibu, akaacha kofia na mwavuli wake kwenye kiti, akaenda zake mvuani. Mjane, shemeji yake, aliyekuwa ameshinda kesi, alianza kulia.

Nimeona watu wakianguka kwenye ngazi kwa sababu yangu, lakini siku ile nilijisikia vibaya zaidi.

3

Tuliporudi karakana yangu alikaa kwenye kiti kile kile, akanitazama.

"Umenifanya nini?"

Nikamweleza yote. Nilimwonyesha mistari, nikamwonyesha mahali pa mapigo ya moyo na mahali pa kumeza. Yeye si mtaalamu wa mitambo, ila ni mtu wa kusikiliza mashahidi, na alisikiliza bila kunikatiza.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Bibi. Kwenu wote."

Alitazama dirishani. Nilidhani atalia, hakulia.

"Kabla ya homa nilikuwa na ulimi wa upupu," akasema. "Mama mkwe wangu alihama nyumba kwa sababu yangu. Nilipopewa hili koo, nikabadilika. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba ameoa mara mbili, mke wa kwanza mkali, wa pili homa ilimfunza adabu. Nami niliamini, Atu. Miaka thelathini nimeingia kanisani kumshukuru Mungu kwa ile homa."

Nilisema tu, "Pole, Bibi."

"Kwa hiyo yule wanayemletea kesi ni nani? Mimi, au hili kopo?"

"Aliyemeza ni wewe," nikasema. "Kiendeshi kilikupa muda tu. Neno lilifutwa pale ulipomeza, na hakuna aliyekulazimisha kumeza."

"Niliyafuta maneno yote kwa kumeza mate, nikidhani nimekabwa na hasira." Aligusa pale penye taa. "Huyo mtu alinitia lijamu mdomoni kama punda bila kuniuliza. Na wewe leo umeivua bila kuniuliza. Mnajua kuandika kote huko, na nyote wawili hamkujua kuuliza."

Nilitaka kujitetea, maneno yakawa mdomoni kabisa. Nikameza mate.

"Yuko hai?" akauliza.

4

Mhandisi Kibona alikuwa hai, Makete, ana miaka themanini na moja, analima viazi. Alipokea simu kwa sauti ya mtu aliyekatizwa kula. Nilipomtajia kazi yangu, hakunisalimu.

"Nani amegusa mistari yangu?"

"Ni mimi, Mhandisi. Lakini anayetaka kusema nawe yuko hapa."

"Mimi ni koo namba nne," Bibi akasema.

Upande wa pili yule mzee akasema, polepole, "Subilaga. Ulikuja na sweta ya njano."

"Acha sweta. Nieleze kwa nini."

"Mama, koo la nyama lina breki," akasema. "Mtu akikasirika koo hukauka, neno hukwama, anameza mate kwanza. Hakuna ajuaye ni maneno mangapi tunayoyameza na mate yale. Koo nililotengeneza halikuwa na mate. Linasoma misuli, na misuli huanza kusema kabla mtu hajaamua kusema. Namba moja alikuwa mwalimu wa shule. Siku ya tatu alimwambia binti yake neno. Aliniapia kwamba hakutaka kulisema, lilipita tu kichwani, na koo likalichukua. Binti akahama nyumba. Namba mbili hivyo hivyo, na mkewe. Namba tatu alikuja kuniomba nilitoe, akasema heri ububu. Wewe ulikuwa unafuata."

"Kwa hiyo ukatuwekea breki."

"Niliwarudishia yenu, ile mliyozaliwa nayo. Lakini kamati ya kuidhinisha ilitaka kasi. Ningeandika kwamba kifaa hushika neno la mtu, wangekikataa, na nyinyi mngekaa mabubu miaka mingine mitano. Nikaandika betri."

"Sikuulizi ya kamati. Nauliza kwa nini hukutuambia sisi."

Nilisikia sahani ikisogezwa mezani.

"Niliogopa mngesema hapana," akasema.

"Wewe mzee ni mwoga." Lilitoka pale pale, bila sekunde hata moja, na Bibi mwenyewe akashtuka kulisikia.

"Ndiyo," akasema Mhandisi. "Na baadaye nikaona mnaishi vizuri, nikajisifu moyoni. Nikikuambia najuta nitakuwa nadanganya nusu. Lakini nilipaswa kuwauliza. Hilo silikatai."

Bibi Subilaga hakumjibu. Kwa koo lile jepesi kumeza hakufuti kitu tena, kwa maana neno huwa limekwenda. Njia pekee ni kutolianza. Nilimwona anavyohangaika kutolianza, amefumba macho, mikono imeshika kingo za kiti. Mwisho akasema, kwa sauti ya kawaida, "Endelea kula, Mhandisi," akaniashiria nikate simu.

5

Mkuu wangu wa Mbeya aliniambia mistari ile niitoe, niweke saini, niendelee na kazi nyingine. Nani atajua, alisema, na watu wale watafurahi koo likiwa jepesi. Ile ilikuwa njia moja rahisi. Njia ya pili ilikuwa rahisi vile vile kwa mtu wa kazi yangu: unakiomba kiini sehemu ya tano ya sekunde, ikiisha unaomba nyingine, mara tisa, na kiini hakitagundua kwamba ni subira ile ile iliyokatwa vipande. Watu wangeendelea kama zamani, kwa amani, bila kujua. Nilikaa na njia hizo mbili Ijumaa asubuhi, na zote mbili nikaona zina Bibi Subilaga ndani yake, amekaa kwenye kiti changu ananiuliza kwa nini sikuuliza.

Kuna kipengele cha kumi na nne katika sheria ya vifaa vya mwilini. Kinasema kifaa hakiruhusiwi kushika neno la mtu isipokuwa mtu huyo amelielewa jambo na kutia saini. Kwa mwenye saini, kiini hufungua mlango na kukiacha kiendeshi kisubiri kinavyotaka. Hakuna aliyewahi kukitumia kipengele hicho, kwa kuwa kukitumia ni kutangaza wazi. Nilipaswa kuandika juu kabisa ya msimbo kazi halisi ya mistari ile. Nilipaswa kupeleka karatasi kwa watu mia saba na kumi na wawili, wengine wako milimani huko, kwa siku kumi. Na nilipaswa kuambatanisha historia ya majaribio, pamoja na saa moja ya Alhamisi, ambayo nilimvalisha mtu kiendeshi bila kumweleza. Wahamishaji hupokonywa leseni kwa makosa madogo kuliko hilo.

Niliogopa, sifichi. Kazi hii ndiyo pekee ninayoijua. Niliiandika historia ile mara mbili. Mara ya kwanza nilitumia maneno kama "hitilafu ya mawasiliano", nikaisoma, nikaona ni mambo ya betri. Mara ya pili niliandika kilichotokea, nikaituma Mbeya kabla sijapata muda wa kujihurumia.

Karatasi zilikuwa na visanduku viwili, subira ibaki au subira iondolewe. Asiyetia saini angepata koo jepesi. Ya kwanza nilimpelekea Bibi Subilaga nyumbani, jioni ya siku hiyo hiyo. Aliisoma yote, hata maandishi madogo, akatia alama kwenye ibaki.

Nilishangaa. "Nilidhani utakataa, Bibi."

"Hayo aliyosema yule mzee ni kweli. Kinywa changu nakijua." Alinirudishia kalamu. "Lakini usiiweke leo. Kesho nakwenda kwa Mwangoka kumwomba radhi. Nikienda na breki, atajuaje anayemwomba radhi ni nani? Na mimi mwenyewe nitajuaje?"

"Bibi, lile koo jepesi ni hatari. Akikuudhi tena—"

"Ndiyo maana utanisindikiza," akasema. "Ukiona nimeanza, nikanyage mguu."

6

Asubuhi ya Jumamosi mvua ilikuwa imekatika na njia ya kwenda kwa Mwangoka ina utelezi. Bibi Subilaga alibeba ile kofia na mwavuli ambavyo Mwangoka aliviacha ukumbini. Mimi nilimshika mkono kwenye mteremko, na njiani nikamwambia niliyokuwa nimeyakusudia tangu juzi.

"Acha mimi niseme kwanza. Nimwambie ni koo. Nilikichezea kifaa, neno likatoka bila wewe kutaka. Ni kweli tupu, Bibi, nimeshaiandikia hata Ofisi. Atakuelewa, na baraza litakuelewa."

"Na koo lilijuaje habari za mkewe?"

Niliangalia ninapokanyaga.

"Yule mama aliniambia mambo yake kwa siri," akasema. "Nimeyafuga miaka sita. Nikiwa na hasira na mumewe nilikuwa nayatoa moyoni, nayaangalia, nayarudisha. Koo limeyakuta tayari yamenolewa."

Bwana Mwangoka alikuwa uani akipiga randa ubao. Alituona, akaendelea na kazi mpaka alipomaliza upande ule, kisha akapangusa mikono. Hakutukaribisha. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilimhurumia, ingawa sikuwa nimewahi kumpenda. Bibi alimpa kofia na mwavuli wake, akavipokea bila kuvitazama.

"Nasikia huyu binti alikuchezea koo siku ile," akasema.

"Ni kweli," nikasema. "Kosa ni langu, Bwana Mwangoka."

Hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Bibi Subilaga.

"Basi niambie. Niambie tu. Ni koo lilisema, au ni wewe?"

Bwana Mwangoka alikuwa anasubiri koo kwa mazoea, kichwa kimeinama, na safari hii ni mimi na Bibi tu tuliojua kwamba hakuna cha kusubiri. Niliona usoni mwa Mwangoka jibu analolitaka. Alitaka aambiwe ni mtambo umeharibika, umeokota maneno na kuyapanga ovyo, na mkewe hakuwahi kulia kwa mtu. Akiambiwa hivyo angerudi kwenye ubao wake, na Bibi angerudi kwenye kiti chake cha baraza, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani aambiwe hivyo. Lilikuwa neno moja tu. Nilianza kulisema mwenyewe, na Bibi Subilaga akanikanyaga mguu.

"Ni mimi," akasema. "Koo halikutunga kitu. Nilikosea kuyasema, nimewaumiza wewe na marehemu, na naomba radhi kwa kuyasema. Siwezi kukuomba radhi kwamba ni uongo."

Bwana Mwangoka aliigeuza kofia mikononi. Kuna wakati alifungua mdomo, na mimi nikajiandaa kwa tusi, halikuja. Alitazama kiti kidogo kilichokuwa pembeni ya mlango, kiti cha mtu mmoja, chenye mto ulioshonwa kwa mkono ambao hakuna mwanamume angeushona. Kisha akasogea mlangoni akatoa nafasi ya mtu kupita.

"Ingia ukae," akamwambia. "Uniambie alikuwa akililia nini."

Bibi Subilaga akavua viatu vyenye matope, akaingia. Mlango waliuacha wazi, nami niliyebaki uani sikusikia neno kwa muda mrefu.